Mwalimu Nyerere: Msomi wa Siasa Aliyepita Tabora



Kila mwaka majibu ya form six yakitoka, simu yangu inapata kazi. Safari hii aliyeniandikia ni dada mmoja wa TYCS aliyemaliza HGL. Amechaguliwa kusoma Sayansi ya Siasa, na kwenye fomu aliomba pia Uhusiano wa Kimataifa. Mama yake hataki kusikia. Anasema siasa ni uongo mtupu, ukiingia huko Komunyo utaisahau, na kama ni lazima asome basi asome ualimu. Dada akaniuliza mimi nasemaje.

Nilicheka kidogo kwa hilo la ualimu, maana mtu niliyemfikiria mara moja ni mwalimu hasa, na jina hilo ndilo analoitwa mpaka leo. Nimeona nimjibu kwa kusimulia maisha ya Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ila nitafuata njia moja tu: nitamfuata pale alipokutana na mji wa Tabora. Ana mara tatu zenye uzito pale. Kwanza mwanafunzi, pili mwalimu, tatu kiongozi wa chama aliyekuja kuomba watu wakubali jambo wasilolipenda.

Kwanza kidogo kuhusu mji wenyewe. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utaona tembe walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1871 na 1872. Wengi wanapiga picha wanaondoka. Lakini fikiria ile njia: kutoka Bagamoyo mpaka hapo, na kutoka hapo mpaka Ujiji ziwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, watumwa wakapitishwa wamefungwa, wafanyabiashara Waarabu wakajenga Unyanyembe, Mirambo akapigana nao kugombea njia hiyo hiyo. Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers, walifika mwaka 1878. Wajerumani wakaja na boma lao na reli, na treni ikafika Tabora mwaka 1912. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji, kisha Waingereza wakaichukua Tanganyika yote chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa. Yaani ukitaka kujua uhusiano wa kimataifa ni kitu gani, kaa chini ya mwembe mmoja wa Tabora uhesabu ni nani na nani waliopita hapo wakidai mji ni wao.

Kambarage alifika hapo mwaka 1937, kijana wa miaka 15 hivi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Burito alikuwa na wake 22, na Mgaya alikuwa wa tano. Shika hilo, tutalirudia. Shule alianza akiwa na miaka 12, Mwisenge pale Musoma, na alipofaulu akapelekwa Tabora, shule ya serikali ambayo Waingereza waliijenga kwa mfano wa shule za wakubwa wa kwao, wakilenga hasa watoto wa machifu. Nidhamu ya gwaride, viranja wenye madaraka, kila kitu kwa kengele. Inasimuliwa kwamba viranja walipewa chakula zaidi ya wenzao, na Kambarage alipopewa ukiranja akapinga nafasi hiyo ya kula mara mbili. Sijui wewe, lakini mimi bwenini nisingepinga.

Ni Tabora pia alikoanza kuhudhuria mafundisho ya dini, akifuatana na wenzake Wakatoliki. Alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 Nyegina, karibu na Musoma, akiwa mtu mzima wa miaka 21, mwaka wake wa kwanza Makerere. Akachagua jina Julius. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tunalia kwa maji ya baridi. Yeye alikaa na uamuzi huo miaka.

Makerere alisoma ualimu mpaka 1945. Hapa ndipo siasa inapoanza kuingia, na haikuingia kwa kupiga kelele. Iliingia kwa kitabu. Alimsoma John Stuart Mill, yule mwanafalsafa wa Uingereza aliyeandika kupinga wanawake kuwekwa chini ya wanaume, kisha akakaa akaandika insha ya mashindano akitumia hoja hizo kuwatazama wanawake wa Wazanaki. Sasa rudi kule kwa wake 22. Kijana huyu hakuwa anaandika juu ya watu wa mbali. Alikuwa anaandika juu ya mama yake. Nimesoma falsafa kwa miaka kadhaa, na niseme ukweli, mara nyingi tulimsoma Mill ili tufaulu mtihani. Yeye alimchukua Mill akampeleka nyumbani Butiama akamkalisha na Mama Mgaya.

Mwaka 1946 akarudi Tabora, mara ya pili, sasa akiwa mwalimu. Alikuwa na nafasi ya kufundisha shule ya serikali, ile ile aliyosoma, penye uhakika zaidi wa mshahara na pensheni. Akachagua St. Mary's, shule ya mapadre, chini ya Padre Richard Walsh. Alifundisha biolojia na historia. Jioni alifundisha watu wa mjini Kiingereza bila malipo. Na akawa mtu wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, pamoja na rafiki yake Andrew Tibandebage waliyekuwa naye tangu Makerere.

Kuna kipande kidogo cha miaka hiyo nakipenda sana. Serikali ilimpa kazi ya kukagua bei madukani, aone wenye maduka wanauza kwa bei gani. Akazunguka, akaandika ripoti zake kwamba bei zinadanganywa. Ripoti zikapokelewa, na hakuna kilichofanyika. Akaacha kazi. Ni jambo dogo, hata vitabu vingi vinalipita haraka. Lakini nadhani pale sokoni Tabora alijifunza kitu ambacho hakuna chuo kingemfundisha: kwamba unaweza kuwa mkweli kabisa, ukaandika ukweli wako kwa mwandiko mzuri, na bado kilo ya sukari ikaendelea kuuzwa kwa bei ya wizi, kwa sababu mwenye uamuzi si wewe.

Padre Walsh alimhimiza aende kusoma zaidi. Aprili 1949 akasafiri kwenda Uingereza, na baadaye Edinburgh, Uskochi, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Hapa yule dada asome kwa makini. Alipofika alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia. Ilieleweka, alikuwa mwalimu wa biolojia, na mkoloni hakuwa na shida na Mwafrika anayejua vyura na majani. Lakini Oktoba 1949 alianza digrii ya MA. Usishtushwe na jina. Kule Uskochi MA ni digrii ya kwanza. Kwa miaka mitatu alisoma uchumi wa kisiasa, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba, na falsafa ya maadili. Hakukuwa na kozi iliyoitwa Siasa na Uhusiano wa Kimataifa kama zinavyoitwa siku hizi, ila ukiyapanga masomo yale mezani, ndiyo yenyewe.

Profesa wa falsafa ya maadili pale wakati huo alikuwa John Macmurray. Huyu alifundisha kwamba mtu hawi mtu peke yake. Anakuwa mtu katika kuhusiana na wengine. Wazungu wengi walioisoma falsafa tangu Descartes walianza na mtu mmoja aliyejifungia chumbani anafikiri. Macmurray alianza na mama na mtoto. Sasa chukua kijana wa Kizanaki aliyekulia katika boma lenye wake 22 na watoto wasiohesabika, ambaye ni Mkatoliki anayeamini kwamba hata Mungu mwenyewe ni Nafsi tatu katika umoja, umweke mbele ya mwalimu kama huyo. Ujamaa tuliokuja kuusoma kwenye uraia darasa la tano haukushuka kutoka Urusi peke yake, hata kama wapinzani wake walipenda kusema hivyo.

Alihitimu Julai 1952, akarudi. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, Mama Maria wetu, akaenda kufundisha Pugu, shule nyingine ya mapadre, karibu na Dar es Salaam. Aprili mwaka huo alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Machi 1955 akaenda New York kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Hapo naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo somo lenyewe linapofanya kazi. Tanganyika haikuwa koloni kamili kama Kenya. Baada ya vita ya kwanza ilikuwa chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya ile ya pili ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Waingereza walikuwa waangalizi, na mkataba wenyewe uliwadai waiongoze nchi ifikie kujitawala. Watu wengi walioonewa na serikali hawakulijua hilo. Aliyesoma sheria ya katiba alilijua. Kwa hiyo Nyerere hakwenda New York kuomba huruma. Alikwenda kuwakumbusha wenye nyumba kwamba mpangaji anakaa kwa mkataba. Aliporudi, ilibidi achague kati ya kufundisha na siasa, akajiuzulu Pugu. Akabaki hana mshahara, na mke, na mtoto. Akarudi nyumbani kwao, na kwa muda huo akamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Maryknoll, na akasaidia kutafsiri katekisimu kwa lugha hiyo. Msomi wa Edinburgh, rais wa chama cha ukombozi, anakaa na padre anatafuta neno la Kizanaki la kuelezea neema!

Sasa Tabora, mara ya tatu. Januari 1958.

Serikali ilikuwa imekubali uchaguzi, lakini uchaguzi wa ajabu. Uliitwa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Usipochagua wote watatu, kura yako imeharibika. Tena si kila mtu alipiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia wachache sana, na bado viti vinagawanywa sawa kwa sawa. Ni matusi. Kila mjumbe aliyefika Tabora kwa mkutano mkuu wa TANU alijua ni matusi, na wengi walikuja na neno moja mdomoni: tugome.

Kugoma kungekuwa rahisi, na kungemfanya Nyerere shujaa jioni ile ile. Angepigiwa makofi mpaka Ujiji. Yeye akasimama upande mwingine. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba sheria ni mbaya lakini haikatazi TANU kushinda viti vyote vitatu. Kama chama kikigoma, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendwa na serikali, nacho ndicho kitakachozungumza kwa jina la nchi. Kama chama kikiingia, kiwatafute Wazungu na Waasia wanaoamini usawa, kiwaunge mkono, na kile kifungo kilichotengenezwa kuwagawa watu kitawaunganisha. Mjadala ulikuwa mkali, wa siku kadhaa. Mwisho kura ikapigwa, upande wake ukashinda. Wazee wa TANU wakaja kuuita Uamuzi wa Busara.

Uliwagharimu. Zuberi Mtemvu aliondoka akaanzisha chama chake, ANC, akidai Tanganyika ni ya Waafrika tu. Mimi siwezi kumdharau Mtemvu. Hasira yake ilikuwa na haki ndani yake. Lakini angalia kilichofuata. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. UTP haikupata kiti hata kimoja. Watu kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa waliingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU, chama cha Waafrika. Agosti 1960 uchaguzi ulikuwa mwingine kabisa, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Najiuliza, kwa nini alithubutu? Jibu la mtaani ni kwamba alikuwa mjanja, alihesabu viti. Ndiyo, alihesabu. Siasa bila hesabu ni mahubiri. Lakini mjanja wa hesabu tu angeweza pia kuwahesabia watu chuki, akapata kura nyingi zaidi kwa kuwaahidi kuwafukuza Wahindi na Wazungu. Yeye aliamini kwamba binadamu ni sawa, wote, hata yule anayekuonea, na akatafuta njia ya kushinda isiyomlazimisha aiache imani hiyo mlangoni.

Kwenye mambo ya nje alijaribu vivyo hivyo. Desemba 1965, Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Uingereza isichukue hatua, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi ilijaribu kutumia misaada yake kumzuia asikubali ofisi ya Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Akakataa, na misaada ya kijeshi ilipoondolewa akawaambia wachukue na iliyobaki. Na kuna Biafra. Mwaka 1964 kule Cairo ni yeye aliyepeleka azimio kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Aprili 1968 akawa wa kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, kwa sababu watu wa Igbo walikuwa wameuawa kwa maelfu na aliona umoja wa nchi hauwezi kuwa na maana kwa maiti. Je, alijipinga? Wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa wanabishana juu ya hilo mpaka leo, na wewe ukifika huko utabishana. Alishindwa pia, maana Biafra ilianguka Januari 1970.

Na kwa kuwa tunaongea juu ya mtu ambaye Kanisa linachunguza utakatifu wake, ni lazima nitaje na yanayouma. Kuna sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, ya mwaka 1962, na watu walikaa ndani kwa sheria hiyo. Kuna mfumo wa chama kimoja, ulioingizwa kwenye sheria mwaka 1965. Kuna Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976, ambapo mamilioni walihamishwa, na sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Waulize wazee wa vijijini, huko Unyamwezi na kwingineko, watakusimulia. Mtu aliyejifunza kwamba mtu anakuwa mtu kwa kuhusiana na wenzake alifika mahali akaona uhusiano unaweza kuamrishwa na mkuu wa wilaya. Shule za Kanisa nazo zilichukuliwa, Pugu ikiwemo. Mapadre wengi iliwauma, na hakuacha kwenda Misa kwa mapadre hao hao. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku inapowezekana, na wa kufunga. Siyo kwamba Misa ilimfanya asikosee. Nadhani ilimfanya awe mtu anayeweza kukiri. Aliondoka madarakani kwa hiari mwaka 1985, na baada ya hapo alisema hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa.

Miaka ya mwisho alikuwa msuluhishi wa Burundi, tangu 1996, akikalisha mezani Wahutu na Watutsi waliozikana. Katika miaka hiyo hiyo alitoa Enjili kwa tenzi za Kiswahili, kazi ya mikono yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Burundi haijapata amani, akazikwa Butiama.

Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila tarehe 1 Juni mahujaji wanakutana Namugongo, Uganda, kumwombea, na kwa miaka mingi Mama Maria amekuwa mmoja wao. Mchakato ni mrefu, na maisha yake yote yanachunguzwa, pamoja na yale ya 1962 na 1973. Ndivyo inavyopaswa.

Yule dada bado ana siku chache za kuthibitisha udahili wake. Nilimtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Jibu lilitoka kwa simu yake, lakini mwandishi alikuwa mama. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza tu kama hiyo shule ya Tabora bado ipo, na kama inapokea na wasichana. Nimemjibu kwamba ipo, ila ni ya wavulana. Ya wasichana iko Tabora hapo hapo.